Mama Alivyonihoji

Kaka yangu,

Hatujambo. Paa halivuji tena, ila mimi nimechoka.

Juzi chuo kikuu kilimfanyia Mama hafla ya kuuenzi utafiti wake. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa maprofesa, walisema aliwafundisha kuwasikiliza watu kabla ya kuandika lolote juu yao. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Mama akanigeukia, akanishika mkono.

"Na wewe, binti, unaishi na nani?"

"Na mama yangu. Anaumwa, anasahau."

"Pole. Mzigo huo unaubeba peke yako?"

Nikamweleza yote, hata ninayokuficha wewe. Hakunikatiza. Tangu nizaliwe hajawahi kunisikiliza vile.

Njoo, kaka. Nawe atakuuliza u nani. Usilie, mjibu tu.

Mdogo wako