Mtambo Usiokaa Motoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Scholastica Ghati Waitara
Umri: Miaka 53
Kabila: Mkurya
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima, na mwandishi wa makala za magazeti
Makazi: Nyabikondo, wilaya ya Tarime
Tarehe: 12/06/2024

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, bila kuitwa, na ninaeleza kwa hiari yangu kama ifuatavyo:

Ninamfahamu Boke Nyangi, mjane, jirani yangu, ambaye tangu asubuhi ya leo yuko mahabusu katika kituo hiki kwa tuhuma ya kupika gongo. Boke hajawahi kupika gongo. Anapika pombe ya ulezi, ile tunayoiita amarwa, na leseni yake imebandikwa ukutani kwake, kila mwenye macho anaiona. Gongo ni haramu. Pombe ya ulezi yenye leseni ni halali. Tofauti hiyo ndiyo kesi yote, na naomba iandikwe hivyo.

Mnamo mwezi Machi mwaka huu Boke alinilalamikia kuhusu chungu chake. Kimea cha ulezi kikishasagwa huchanganywa na maji ya moto, kisha huachwa katika joto lile lile mpaka utamu utoke. Chunguni joto halikai. Ukichochea kuni, chini kunaungua, ukizitoa, kunapoa. Nilikuwa nimesoma jinsi watu wa nchi nyingine wanavyopika bia nyumbani kwa chombo kinachotunza joto. Nikamwambia, "Tutafute deli, lile sanduku la kutunzia ubaridi." Akanicheka: "La aiskrimu? Ghati, umesoma mpaka umepitiliza."

Tulinunua deli kuukuu la plastiki kwa muuza aiskrimu wa Sirari. Tulitoboa tundu ubavuni, karibu na kitako, tukafunga koki na kuzuia uvujaji kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ndani tulitumia lile bomba jembamba la sinki lililosukwa kwa waya. Tulichomoa mpira wake, ukabaki wavu mtupu. Ncha moja tukaibana, nyingine tukaiunganisha na koki. Maji yanapita, machicha yanabaki.

Mara ya kwanza tulishindwa. Kimea kilisagwa laini kama unga wa ugali, kikaziba wavu, na tulipofungua koki halikutoka hata tone. Mara ya pili tulimwambia mwenye mashine aparaze tu, tukachanganya na maganda ya mpunga ili maji yapate njia. Boke alifungua koki. Yalitoka maji yenye rangi ya asali, matamu, hayana chembe. Alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Pombe ilipoiva, mteja wake wa miaka mingi, Mzee Joel, alichungulia kikombe akauliza, "Mbona naona kitako? Machicha yangu mmempa nani?" Akanywa. Akasogeza kikombe kiongezwe.

Kilicholeta balaa ni neno. Jumatatu tarehe 10/06/2024 nilikuwa na Boke kwenye mashine ya kusaga. Aliwaambia wanawake wenzake, kwa majivuno aliyoyastahili, "Mimi na vyungu basi. Nina mtambo." Bwana Elibariki, mtendaji wa kijiji, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye si mtu wa huku, na hilo si kosa. Lakini mtu wa ofisi akisikia "mtambo" na "pombe" vikitajwa pamoja, hasikii kitu kingine ila gongo, kwa sababu ndivyo taarifa zote za ukamataji zinavyosema: "mtambo wa gongo." Kwa Boke mtambo ni chombo chenye akili. Kwa mtendaji mtambo ni jinai.

Leo asubuhi, yapata saa 2, nilikuwa kwa Boke. Mtendaji aliingia na mgambo wawili. Boke alimwambia, "Karibu mtendaji, kaa kwanza upate uji." Hakukaa. Deli lilikuwa tupu, limeoshwa. Aliinua kifuniko, akauona wavu, akasema, "Huu hapa mrija wa gongo." Nilimwambia, "Mura, kijana wangu, gongo hupikwa kwa moto, mvuke wake ukapoa mrijani ukawa pombe. Moto uko wapi?" Alijibu, "Mama, usinifundishe kazi. Utaenda kueleza polisi." Nikamjibu kwamba hilo ndilo neno la maana alilosema tangu ahamie kwetu. Boke alitembezwa barabarani kama mwizi wa ng'ombe, wateja wake wakitazama. Hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa hasira, na sitaki hilo lifutwe.

Hapa kituoni, mbele ya Koplo Stefania anayeandika maelezo haya, deli liliwekwa mezani kama kielelezo. Mtendaji alieleza kwamba mvuke wa gongo unapita kwenye wavu. Nilimwonyesha kuwa wavu ni matundu matupu, mvuke ungetawanyika humo humo ndani. Akasema mimi ni mtu wa maneno mengi. Ni kweli, ndiyo kazi yangu. Basi nikaacha maneno. Jiko la mkaa la chai lilikuwa linawaka uani. Nilibeba deli nikasema, "Afande, tumalize. Nalibandika motoni, tuone hiyo gongo ikitoka."

Mtendaji aliruka kutoka kwenye benchi. "Wewe mama, usiweke! Hiyo ni plastiki, itayeyuka!"

Koplo Stefania alimgeukia akamuuliza, "Sasa mtendaji, hiyo gongo walikuwa wanaipikaje?" Kwa miaka ishirini nimeandika makala nikitafuta sentensi moja ya kumlaza mpinzani chali. Leo mpinzani ameitoa mwenyewe, kwa sauti, mbele ya polisi.

Naongeza hili. Bia ya chupa anayokunywa mtendaji kila jioni inaanza kwa kimea na maji ya moto, ndani ya chombo cha namna hii hii, ila kikubwa na cha chuma. Kikiwa cha kampuni, tunakiita kiwanda na viongozi wanakwenda kukata utepe. Kikiwa cha mjane, kinaitwa kielelezo.

Naomba Boke aachiwe leo, tena atokee mlango wa mbele, si uani, kwa kuwa aliingizwa watu wakiona.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimeyasoma yalivyoandikwa, nimesahihisha koma mbili, na ninayatia sahihi kwa furaha.

Sahihi ya shahidi: S. G. Waitara

Maelezo ya askari: Nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa usahihi kadiri shahidi alivyoeleza, ingawa aliongea haraka. Mkuu wa kituo ameyapitia na amekagua kielelezo. Mtuhumiwa Boke Nyangi ameachiwa bila mashtaka, kwa mlango wa mbele. Amekabidhiwa deli na amelibeba kichwani mwenyewe, akikataa msaada. Kelele zilizosikika nje ya kituo baada ya hapo ni vigelegele vya wanawake waliokuwa wakimsubiri, si vurugu. Hakuna hatua iliyohitajika.

Stefania, Koplo