Mama, Tembe Zako Nilikuwa Nazisaga

Mama,

Tangu tukuzike wageni wameisha mmoja mmoja, na hapa Boito nimebaki mimi na ng'ombe wako. Naye ananinyima maziwa mpaka niongee kama wewe. Naongea tu, nifanye nini? Jua likizama nakumbuka sijaongea na mtu mwingine.

Jana nilirudisha hospitalini zile dawa zako za viungo zilizobaki. Dada wa famasi akaniuliza tulikuwa tunazitumiaje. Nikamwambia, tena kwa kujigamba: kila jioni baada ya chakula nasaga tembe iwe unga, natia kwa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Si unajua kwetu dawa yoyote hushuka na mursik? Hata mizizi ya kogo, mama yako, ilishuka hivyo.

Akaweka pakiti mezani. Halafu akanieleza polepole. Tembe hiyo ina ganda lake. Unaimeza nzima ukienda kulala, inatulia tumboni, na karibu alfajiri ndiyo inafunguka, maana hiyo ndiyo saa viungo huanza kuvimba. Ukiamka, vidole vinakunjuka. Ikisagwa, inafanya kazi yote mapema, tukiwa bado tunapiga stori jikoni. Asubuhi hakuna kitu.

Haikukuua, najua. Kilichokuua ni homa ya mapafu. Lakini zile asubuhi, Mama! Umekaa kitandani na blauzi wazi, "Chebet, njoo unifungie vifungo," na mimi nimeshabeba kikapu, majani chai yanakomaa. Nakujibu, "Siku hizi umependa kulala!" Hata mbele ya majirani nilisema. Ukacheka nao. Kumbe ulikuwa unaumia, na aliyekuharibia dawa ni mimi. Nisamehe. Nimelisema hilo huko shambani mpaka sauti imekauka.

Kuna kitu sijawaambia majirani. Vidole vyangu navyo vimeanza kukaza asubuhi. Jana huko huko nilimwonyesha daktari, akaniandikia tembe kama zako. Leo kifungo cha juu kimenishinda. Nikageuka kuita mtu. Nimeenda kuchuna majani na kifua wazi kwa baridi.

Lala salama, Mama. Usiku huu naanza tembe yangu; nakuahidi nitaimeza nzima, hata ikinikwama. Na asubuhi ile nitakapofunga kifungo hicho mwenyewe, nitalia sana, kwa sababu hata wewe ungeweza.

Chebet wako