Hodi Kutoka Ndani

Jumatatu, 4 Machi
Suruali tatu, zipu mbili, hadithi moja. Ya fisi wa mchawi. Shangazi Kabula kaja kibandani kwangu kupunguziwa gauni la kwaya, nikamsomea. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Huyo fisi wako, baba, ana njaa tu. Mpe utumbo wa sangara aende zake."
Hadithi ya kumi na moja hiyo anaicheka. Nimeumia. Gauni nimelibana zaidi kidogo ya alivyotaka.

Jumanne, 5 Machi
Nimeamua. Ya kumi na mbili ikimchekesha, naacha kuandika. Madaftari nitayakata yawe karatasi za kupimia kola.

Jumatano, 6 Machi
Siandiki. Natazama. Hapa Igogo hakuna anayeogopa meno. Asubuhi mama jirani kaua nyoka jikoni huku anaongea na simu, wala hakuikata. Saa nane mchana kaka yake kaingia bila kupiga hodi. Mama yule yule alipiga yowe mtaa mzima ukasimama.
Nimekata mkono wa shati la mteja vibaya, kwa kuwaza. Kumbe woga unakaa mlangoni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeandika kabla ya chai. Mwanamke anaishi peke yake. Karudi kutoka kuuza dagaa mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, jua la saa sita. Anafungua kufuli. Sauti inatoka chumbani, kwa adabu kabisa: hodi. Inarudia. Mara ya tatu mwanamke, kwa mazoea tu, anajibu: karibu.
Basi. Imeishia hapo.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemsomea Shangazi. Hakucheka. Kaomba maji, hakuyanywa.
"Ikawaje baada ya karibu?"
Nikamwambia ndiyo mwisho.
"Mjinga wewe! Unamwachaje mtu mlangoni namna hiyo?"
Kanitukana mimi pamoja na darasa la saba langu. Sijawahi kusikia matusi matamu vile. Kisha kanishika mkono nimsindikize kwake, mchana kweupe, hatua arobaini. Nikatangulia kuingia. Nikachungulia hadi uvunguni, yeye kasimama nje.
Nimeshinda! Nimerudi natembea kama diwani aliyepita bila kupingwa.

Jumatatu, 11 Machi
Shangazi kaisimulia kwaya nzima hadithi yangu. Sasa mtaani hakuna anayepiga hodi, watu wanakohoa. Msoma mita ya maji kakohoa milango sita, kapewa tangawizi.

Jumanne, 12 Machi
Mvua. Wateja hakuna. Nimefunga mapema, nikafika kwangu, nikafungua kufuli. Nikasimama kizingitini kidogo.
Nikakohoa.