Mstari wa Njano

Asunción, Agosti 1933

Kaka yangu Crispín, uliyeko vitani Chaco kwenye mizinga,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Ng'ombe wetu amezaa. Nakutumia mikate ya chipa niliyooka jana, usimnyime mwenzako Fidel.

Mimi bado napaka rangi makombora kiwandani. Kombora lenye mstari wa njano ni zima. Lenye mstari mweupe ni bovu, huweza kulipukia ndani ya mzinga. Jumatatu rangi nyeupe iliisha. Msimamizi wetu, don Basilio, akasema, "Pakeni yote njano."

Nikamwambia, "Bwana, haya mabovu yatawaua watu wetu!"

"We binti, umesomea mizinga lini? Vita havingoji rangi. Paka!"

Nikapaka. Nisamehe kaka, niliogopa.

Masanduku ya makombora yaliondoka na meli juzi, yanakuja kwenu. Barua hii nampa padri anayekuja huko, maana posta wanazifungua. Kila bovu nililolipaka mimi nimelitia doa jekundu kitakoni. Mkiliona, msilipige. Lakini kwenye meza ya kupaka tulikuwa wanawake sita, na wenzangu sikuthubutu kuwaambia watie doa.

Nijibu upesi, hata kwa neno moja.

Dada yako,
Eulogia