Mguu wa Magharibi

Songea, Jumanne

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia kwanza.

Mnara umeanguka. Nimeona nikwambie hilo kabla ya habari za nyumbani, kwa sababu hukuwahi kumpenda mtu anayezungukazunguka. Umeanguka Jumapili ya wiki iliyopita, si hii ya juzi, saa nne asubuhi, watu wengi wakiwa misa ya pili. Haukuanguka upande niliosema utaangukia. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kuna maneno siwezi kumwambia Mama, wala padre, wala mtu yeyote wa mtaa huu. Yanakuhusu wewe na mimi tu.

Tangu tukuzike Maposeni ni mwezi wa nne sasa. Mahindi yaliyo karibu na kaburi lako yamefika kiunoni, na mvua haijakata siku hata moja wiki hii. 

Unakumbuka tulivyokuwa tukipita pale kiwanda cha unga tukitoka kanisani? Ulikuwa lazima usimame, utazame juu kwenye tangi la mnara, uhesabu bolti kwa macho kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Ulikuwa ukiniambia kwamba miguu ile minne umeichomelea wewe, mimi nikiwa bado mgongoni kwa Mama. Nilikuwa nadhani wewe ndiye uliyeleta maji Songea. Hata walipokupunguza kazini, mwaka kiwanda kilipouzwa, uliendelea kwenda pale kila asubuhi kunywa chai kwa Mama Fidea, kivulini mwa mnara wako. Mama alikuwa akisema umepunguzwa kazi lakini miguu yako haijapata barua.

Kisha mimi nikaenda chuo kikuu, Dar es Salaam, nikajifunza kuvunja vitu ndani ya kompyuta.

Nilijaribu kukueleza likizo ile, sina hakika kama nilieleza vizuri. Kompyuta haioni chuma, Baba. Unaichorea mnara, kisha unaukata mchoro vipande vidogo vidogo, mamia na mamia, na kila kipande unakipa unene wake na nguvu zake. Halafu unapandisha maji kwenye tangi kidogo kidogo. Kila kipande kinajibu: nimebanwa kiasi hiki, nimevutwa kiasi hiki. Kikizidiwa kinalegea, na mzigo wake unahamia kwa jirani. Jirani naye akizidiwa analegea. Unakaa kwenye chumba chenye baridi, umevua viatu mlangoni, unatazama kitu kinavyokufa polepole kwenye kioo, na hakuna mtu anayeumia. Nadhani hapo ndipo penye hatari yake. Unazoea.

Mwalimu wetu alitaka kila mmoja achague kitu anachokifahamu. Nikachagua mnara wako. Nilikuandikia unipimie unene wa miguu yote minne pale katikati, kwenye maungio, kwa ile kalipa yako, maana huko ndiko kutu inakokula. Nilijua kifua kinakusumbua. Nilijua, na bado nikakuomba upande. Nilijiambia kwamba fundi hakatazwi kupanda kazi yake mwenyewe.

Jibu lako lilinifikia baada ya wiki tatu, kwa mwandiko wako wa herufi kubwa. Nimeiweka barua hiyo mbele yangu sasa hivi. Kaskazini, milimita nane nukta tatu. Kusini, saba nukta tisa. Mashariki, sita nukta mbili. Magharibi, kumi.

Kumi.

Niliingiza namba hizo kama zilivyo. Niliona zina akili: bomba la kumwagia maji ya ziada lilikuwa upande wa mashariki, kwa hiyo mguu wa mashariki umeoza kwa kuloana, na wa magharibi umebaki mkavu na mzima. Kompyuta nayo iliona hivyohivyo. Nilipojaza tangi hadi kileleni, kama mwenye kiwanda mpya alivyokuwa akifanya tangu alete pampu yake yenye nguvu, mguu wa mashariki ulijipinda na mnara wote ukalala mashariki. Nikarudia. Ukalala mashariki. Nilirudia mchana kutwa, na kila mara ulilala palepale. Nikapata alama za juu kabisa darasani.

Likizo nilikuletea mchoro ule. Nilikuwa nimeupaka rangi kwa penseli, bluu palipo imara, nyekundu panapokufa. Uliutazama muda mrefu mno. Nilidhani umeumia kuona kazi yako ina wekundu. Ukaweka kidole kwenye mguu wa magharibi, wa bluu tupu, ukaniuliza kama huo hauna neno. Nikakujibu kwamba huo ni salama, kipimo chako mwenyewe ndicho kinachosema.

Ukaondoa kidole. Kisha ukaniuliza, "Hii mashine yako, inaamini kila inachoambiwa?"

Nikacheka. Nikasema ndiyo, Baba, haina ujanja. Ukaukunja mchoro ukanirudishia, ukaenda kulala mchana, jambo ambalo hukuwa na desturi nalo.

Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia mnara kwenye kompyuta. Kama ningeacha kucheka. Kama ningekutazama usoni.

Mwezi wa kumi ukatuacha.

Baada ya arobaini yako nilikwenda kumwona mwenye kiwanda. Nisikufiche, si mtu mbaya. Alinikaribisha vizuri, akanipa pole ya msiba. Nikamwonyesha mchoro, nikamwambia atoe maji, angalau abakize nusu tangi, mpaka miguu itengenezwe. Akaniambia maji ndiyo yanayokiweka hai kiwanda, maana siku hizi kila mwenye uwezo kidogo amenunua mashine yake ya kusaga, na mtaa mzima unachota kwake. Kisha akauvuta mchoro karibu, akauliza kama nina hakika utaangukia mashariki. Nikasema nina hakika.

"Basi watu wahamie huku," akasema, akapeleka kidole magharibi.

Baba, nilipaswa kukataa palepale. Nilipaswa kumwambia kwamba mchoro ulikuwa wa kumwonya atoe maji, na si wa kumwonyesha mahali pa kuweka watu. Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimevaa nyeusi, na yeye alikuwa mtu mzima wa kwanza katika mji huu kukubali nilichosema. Niliona fahari. Nikatoka pale na kibali cha kuhamisha meza za wachuuzi waliokuwa chini ya mnara, upande wa mashariki.

Wauza mitumba walihama bila shida. Mama Fidea ndiye aliyegoma. Alisema wewe ulikaa upande ule miaka yote na hakikutokea kitu. Nikamwambia ni kwa sababu hiyohiyo nataka ahame, Baba asingependa apatwe na baya. Nilikutumia wewe, unaona? Ndipo akakubali. Benchi lile ulilokuwa ukikalia nililibeba mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikaliweka chini ya mguu wa magharibi.

Jumapili hiyo mvua ilianza alfajiri. Tulikuwa kwenye mahubiri. Kwanza tulisikia kitu kama lori linalojaribu kupanda mlima kwa gia isiyo yake, mlio mrefu wa kuvuta. Padre akanyamaza. Nikajua. Kabla ya kishindo nilikuwa nimeshasimama. Halafu kishindo kikaja, na taa za altareni zikatikisika.

Nilikimbia peku, viatu nilivipoteza sijui wapi. Maji yalikuwa yakiteremka barabarani na ndala za mitumba, na masufuria. Tangi lilikuwa limelala chali upande wa magharibi, limepasuka. Upande wa mashariki haukuguswa. Nyasi zimesimama. Pale pote nilipowatoa watu, hata jiwe halikusogea.

Hakukuwa na watu wengi, kwa sababu ya misa na mvua. Alikuwepo mmoja tu. Mama Fidea alikuwa amepita kufunika kuni zake kwa nailoni zisiloane. Chuma kilimwangukia mguuni. Wanaume walikinyanyua kwa nguzo, wakambeba kwa mlango uliong'olewa. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama tu.

Yuko hai, Baba. Mguu wamemkata juu ya goti.

Siku ya pili nilikwenda pale na kalipa yako. Mlinzi alinizuia, nikamwambia mimi ni mtoto wa fundi, akanipisha. Nilipima mguu wa mashariki: ulikuwa umepinda baada ya kuanguka, lakini kipimo kilikuwa kilekile ulichoandika, sita nukta mbili. Kaskazini, sawasawa. Kusini, sawasawa. Nikaenda kwenye mguu wa magharibi, pale kwenye maungio ya katikati, ulipokatikia. Kuna bamba pale linakusanya maji kama sahani, huwezi kuliona ukiwa chini. Chuma kilikuwa chembamba kama kifuniko cha sufuria. Nilibonyeza kwa kidole gumba, kikamomonyoka.

Nikakaa kwenye matope. Hakuna chuma kinachokaa juani na mvuani zaidi ya miaka ishirini kikabaki milimita kumi kamili. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Kumi ni unene wa chuma kipya kinapotoka dukani. Uliandika ulichokikumbuka, Baba. Hukupanda mguu wa magharibi.

Nilikasirika. Nakuambia ukweli, nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na wiki nzima sikukuombea. Ulinidanganya. Mtu uliyenifundisha kutotia rangi juu ya kutu. Na mimi niliyejiita mtaalamu, namba tatu zina nukta na moja haina, sikujiuliza hata mara moja. Sijui kati yetu nani alimkata Mama Fidea mguu. Siku nyingine naona ni wewe. Siku nyingi naona ni mimi.

Jana Mama ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nimemficha habari ya kipimo, lakini aliniona na barua yako mkononi akakaa karibu nami. Akasema siku ile ya kupima ulirudi nyumbani ukiwa umelowa jasho, midomo imekuwa ya kijivu, ukamwambia umebakiza mguu mmoja na pumzi zimekwisha. Akakushauri uniandikie hivyo. Ukamjibu, "Siwezi kumwandikia mtoto kwamba nimeshindwa kupanda mnara wangu."

Akaniambia na jingine. Baada ya mimi kurudi chuoni kutoka likizo ile, ulichukua ngazi ukaenda kiwandani peke yako. Ulirudi ukiwa umeegemea bega la mlinzi. Ukalala, na hukuamka tena kwa miguu yako. Mama hakujua ulikwenda kufanya nini. Mimi najua. Ulikwenda kusahihisha kumi.

Nililia, Baba. Sikulia hivyo hata siku ya maziko.

Leo asubuhi nimekwenda hospitali. Nilimwamkia Mama Fidea, akaitikia kama kawaida. Nilimweleza yote, kipimo, mchoro, kicheko changu, kila kitu. Sikuacha lako wala langu. Alisikiliza huku ananyoosha shuka mahali ambapo mguu ungekuwa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, baba yako nilimjua. Wewe ndiye niliyekuamini." Halafu akageukia ukutani. 

Sasa sikia kilichonifanya niandike leo badala ya kungoja. Mwenye kiwanda ameniita. Amenunua pia ghala la korosho Tunduru, na uani mwake kuna mnara wa tangi. Ni mnara wenu. Karani wa zamani ameniambia kikosi chenu kiliujenga mwaka uleule, kwa mchoro uleule, na chuma kilishuka kwenye lori moja. Tangi limejaa. Chini yake masista wamepewa chumba, wanafundisha watoto wa chekechea. Mwenye kiwanda anataka nitumie mchoro nilio nao, nibadilishe jina tu, nimwambie watoto wahamie upande gani.

Nimekataa. Nimemwambia kwanza afungue maji, ndipo tuongee. Amesema atafikiri. Mvua huko, wanasema, ni kubwa kuliko hapa, na nikifumba macho nasikia ule mlio wa lori.

Kwa hiyo kesho naondoka kwa basi la alfajiri. Barabara ni tope tupu, pengine tutalala njiani. Nikifika nitawaomba masista wawatoe watoto kwanza, kabla sijapima chochote, nikipiga magoti kama itabidi. Baada ya hapo ndipo nitapanda. Kompyuta itangoja mpaka nishuke.

Sikukasirikii tena. Au kama nakukasirikia, ni kama mtu anavyomkasirikia baba yake, si zaidi ya hapo. Mama anakusalimu. Jumamosi nyingine, Mungu akipenda, atakuja Maposeni kupalilia. Usingoje niandike mara kwa mara. Pumzika.

Nakuahidi jambo moja. Nitapanda miguu yote minne mwenyewe. Na pumzi zikiniishia katikati, nitaandika hivyohivyo kwenye karatasi, watu wote wasome: hapa sikufika.

Mwanao,
Adelina