Injini Mpya Haitaki Kutulia

Jumatatu, 5 Mei 1997

Mvua tena. Nimezunguka mlimani kukusanya maziwa kama kawaida, ila pikapu limezima karibu kila nyumba. Nikiondoa mguu kwenye mafuta, linakufa. Kwa hiyo sishuki. Wakulima wanapakia mitungi wenyewe, akina mama wazee pia, mimi nimekaa nakanyaga mafuta kama bwana mkubwa. Aibu.

Injini ya zamani, ile ya kabureta, ilikuwa imechoka lakini ilijua kutulia. Hii ya injekta imetoka Japani na kompyuta yake na waya nyingi kama matumbo ya mbuzi. Kamau, fundi wa Litein, ndiye aliyeifunga. Watu walinipa pongezi. Sasa najuta. Mzunguko huu wa maziwa ndio kazi yangu, na sina nyingine.

Jumatano, 7 Mei

Kutwa gereji. Kamau amesafisha njia ya hewa. Amepapasa mipira yote ya hewa akitafuta inapovuja. Amebadilisha sensa, kile kifaa kinachoiambia kompyuta mguu wangu umekanyaga mafuta kiasi gani. Injini ikanguruma juu, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Plagi zimetoka nyeusi tii, zinanuka petroli.

"Hii kompyuta inafikiria injini ni baridi," akasema, "ndio maana inamwaga mafuta ovyo."

Akaweka sensa mpya ya joto. "Sasa iko sawa, Baba Cherono. Enda tu."

Nikaenda. Limezima pale pale kwenye lango lake.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefika kituo cha kupozea maziwa saa tano, nimechelewa mno. Karani alinusa mtungi mmoja, akanusa wa pili, akatikisa kichwa. Yamechacha. Nimeyarudisha kwa wenyewe, nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mama yangu alipokea mtungi wake akasema atafanya mursik, maziwa yetu ya mgando. Uongo mtupu. Mursik inataka maziwa mazuri na kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, si haya. Alinihurumia tu, nami nikakasirika bure.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefunga waya kwenye pedali ya mafuta ili injini isishuke. Inapiga kelele mpaka ng'ombe wanakimbia. Sijui nifanye nini zaidi. Sijui kabisa.

Jumamosi, 10 Mei

Waya ulikatika kwenye mteremko wa mtoni. Nikakanyaga klachi nibadilishe gia, injini ikazima, breki ikawa ngumu kama jiwe. Nimeishia ndani ya shamba la majani chai la mzee Koech. Sikuumia. Mitungi yote imemwagika.

Waliokuja kunitoa walisema chai ya mzee imewekewa maziwa ikiwa bado shambani. Wakacheka. Nikacheka nao.

Mke wangu nimemwambia sikuogopa. Niliogopa sana.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada wakulima walibaki nyuma ya kanisa. Mzee Koech ndiye mwenyekiti wao. Alianza kwa kumshukuru Mungu kwa uhai wangu. Michai yake niliyoivunja hakuitaja hata kidogo. Kisha akanigeukia.

"Kijana yetu, hatukuchukii. Lakini ng'ombe haijui gari imeharibika. Inataka kukamuliwa tu."

Kuanzia kesho maziwa yatabebwa na trekta ya Kiprotich, mmoja wao. Waliinua mikono kukubali. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka wakamaliza.

Jumanne, 13 Mei

Nimeteremka Litein kwa Kamau bila mzigo. Ukungu mpaka mlangoni, baridi ya kukata masikio. Sijui kwa nini niliposhuka nilishika mpira wa maji wa juu kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. Vuguvugu. Maji ya kuogeshea mtoto. Na nilikuwa nimetoka mlimani bila kusimama.

Nikamuuliza Kamau.

"Si nilitoa thamostati? Hiyo tunatoa kwa kila gari, isichemke."

Kweli, kila fundi huku huitoa, ile vavu inayozuia maji yasikimbilie rejeta kabla injini haijapata moto. Injini ya kabureta haikujali. Lakini hii inasikiliza sensa, na sensa ilikuwa ikisema kweli siku zote, ya zamani na mpya. Injini ilikuwa baridi. Kwa baridi yetu hii isingepata moto hata ningeiendesha hadi Mulot kule mbali.

Tukafunika rejeta kwa katoni, tukangoja. Mngurumo ukashuka, ukatulia. Kamau akajilaani kwa Kikuyu. Jioni alifunga thamostati ya kutoka Kericho. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulia. Nikamshukuru.

Alhamisi, 15 Mei

Nimewasha gari uani ingawa sina pa kwenda. Limeshika mara moja. Nikaliacha lipate moto, nikaondoa mguu, nikashuka, nikafunga mlango. Halikuzima. Kuku walikuwa wakichakura kando yake bila kushtuka.

Mama alitoka zizini na mtungi. Akasimama, akasikiliza.

"Imepona?"

Nikasema imepona.

Alitaka kusema kitu. Trekta ikapiga honi kule barabarani. Akaniangalia, akauhamishia mtungi mkono wa pili, akaanza kuharakisha ili asiachwe.

Nimezima injini, nikamfuata, nikamsaidia kuupakia.