Kuku wa Sketi ya Shule

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi. Makazi: kwa mjomba wake, nyuma ya kiwanda cha matofali. Amefuatana na mama yake.

Naanza na jambo nililolificha: nilijua. Fundi baiskeli mliyemfungia humu kituoni hakuwapa sumu kuku wa Bibi Mshonaji.

Mnamo tarehe 4, saa moja asubuhi, nilifungua banda letu. Kuku watatu walikuwa wamejikunyata, wanahema midomo wazi, kinyesi chao kijani. Wa nne shingo ilikuwa imepinda. Nilikuwa nimesoma habari hizo katika kitabu cha kilimo cha shule. Nikamwambia mjomba, "Hiki ni kideri, ugonjwa unaoambukiza na kuua banda zima. Tuwatenge, tumwite daktari wa mifugo. Asitoke kuku hata mmoja."

Akacheka. "Profesa, hayo ni mafua. Hicho kitabu chako kimewahi kufuga?"

Saa nne alichagua wanne waliokuwa bado wanasimama wapelekwe kwa Bibi Mshonaji, ndio ujira wa kushona sketi yangu ya shule. Niliwabeba mimi. Bibi akawapapasa vifua.

"Mbona huyu anasinzia, mjukuu wangu?"

"Ana mafua tu, bibi."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Kufikia tarehe 13 kuku wake wote ishirini na sita walikuwa wamekufa. Watu wakakumbuka kwamba fundi baiskeli aliwahi kuwafokea kuku hao walipochakura mchicha wake: "Mtaokotwa mmoja mmoja!" Wakamburuta hadi hapa. Aliyemkaba ukosi na kupaza sauti "Muuaji!" alikuwa mjomba. Mjomba huyo huyo! Nami nilisimama pale na sketi yangu mpya, nikanyamaza. Nina hasira naye, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Leo tarehe 14, saa mbili asubuhi, nilitia mzoga wa kuku wetu mmoja katika mifuko miwili, nikaufikisha kwa daktari wa mifugo. Amechukua sampuli, barua yake hii hapa. Kuku wetu waliobaki nimewafungia, ufunguo ninao. Kisha nilimrudishia Bibi Mshonaji sketi na kumweleza imelipiwa na kuku gani. Aliikunja, akaiweka kando ya cherehani. Nikaja hapa.

Maelezo haya ni yangu, nimeyasoma mwenyewe. Nimesahihisha neno moja: juu ya jalada askari aliandika "kuku wenye mafua". Nimekata, nimeandika "kideri".

Saini ya shahidi: (ametia)

Askari: Nimeyaandika mimi, saa sita mchana. Sahihisho ni la shahidi. Mjomba ameitwa.